Picha iliyonadiwa mwenyewe akiwa hai: kisa cha "Sumpflegende" ya Paul Klee

Mwaka 1962 nyumba ya mnada ya Lempertz, mjini Cologne, ilinadi picha ndogo ya rangi za mafuta iliyochorwa juu ya kadibodi. Urefu wake ni sentimita 47, upana haufiki 41. Ni picha ya kubeba kwapani. Aliyeichora ni Paul Klee, mzaliwa wa Uswisi, mwaka 1919, akaipa jina "Sumpflegende", yaani hekaya ya kinamasi. Nyundo ikagongwa, picha ikapata mnunuzi. Siku hiyohiyo, maelfu ya kilomita mashariki, katika mji wa Novosibirsk huko Siberia, alikuwepo bibi wa miaka sabini hivi ambaye hakuwahi kuiuza picha ile, hakuitoa zawadi, wala hakuiweka rehani. Alichofanya ni kuiazimisha kwa makumbusho mwaka 1926, kisha akasafiri.

Kisa hiki hutajwa zaidi na wanasheria, nao hukianzia mahakamani. Mimi naona ni lazima tuanze na picha yenyewe, kwa sababu safari yake yote ilitokana na ucheshi wake. Kuna watu waliouona, na kuna watu walioamua kumcheka mchoraji badala ya kucheka naye.

Wanaomjua Klee kwa mbali humweka katika fungu la wachoraji wagumu wa karne ya 20. Kumbe alikuwa mcheshi, wa aina ile ya watu wanaotoa mzaha huku uso umekazwa. Alizaliwa tarehe 18 Desemba 1879 Münchenbuchsee, kijiji kilicho karibu na Bern. Baba yake alikuwa mwalimu wa muziki, mama yake alisomea uimbaji, na yeye mwenyewe alikuwa mpiga fidla hodari. Mwaka 1903 alitengeneza mchoro wa kuchapwa kwa bamba la zinki wenye wanaume wawili walio uchi wa mnyama, kila mmoja amejikunja kwa heshima hadi mgongo unakaribia kuvunjika. Jina la mchoro ni refu kuliko mchoro wenyewe: wanaume wawili wanakutana, kila mmoja akidhani mwenzake ana cheo kikubwa zaidi. Hawana nguo, basi hawana nishani wala kofia ya kuwaambia nani mkubwa. Ni kama watu wawili wanaogombania nani atangulie kutoa shikamoo. Baadaye Klee alimtengenezea mwanawe Felix wanasesere hamsini hivi wa kuvaa mkononi, kwa vitambaa na makorokoro ya nyumbani. Thelathini wamebaki, nao wanatunzwa Bern.

"Sumpflegende" ni ya ukoo huo. Nyuma kuna kijani kizito cha maji yaliyotuama. Juu yake zimetapakaa alama: madirisha yasiyo na nyumba, misalaba, mimea iliyochorwa kwa mistari ya kitoto, na umbo la mtu katikati ya vurugu hiyo. Jina linaahidi hekaya, lakini ukitafuta mwanzo na mwisho wake huvioni. Unabaki unaunganisha vipande mwenyewe, kila ukitazama unapata kisa kingine, na huo ndio mchezo aliokutegea. Aliichora mwaka aliotoka jeshini baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akiwa Munich, mji uliopinduliwa na kukombolewa kwa damu ndani ya miezi michache. Yeye mwenyewe alijiunga kidogo na kamati ya wasanii wa mapinduzi, na mambo yalipoharibika akakimbilia Uswisi kwa muda. Kinamasi hakikuwa cha kubuni tu.

Je, ni picha ya Kiswisi? Swali hili huwapa taabu waandishi wa katalogi za mnada. Klee alizaliwa karibu na Bern, akakulia mjini humo, na mama yake alikuwa Mswisi, ila uraia ulifuata baba, na baba alikuwa Mjerumani. Mwaka 1933 Wanazi walimwondoa katika kazi ya ualimu kwenye Akademia ya Sanaa ya Düsseldorf, akarudi Bern Desemba ya mwaka huo. Aliomba uraia wa Uswisi. Akafa Muralto, karibu na Locarno, tarehe 29 Juni 1940, ombi likiwa halijakamilika. Leo Bern ina jumba zima lenye jina lake, lililosanifiwa na Renzo Piano na kufunguliwa 2005. Marehemu hupata uraia kirahisi.

Tuje kwa yule bibi. Sophie Küppers alizaliwa Kiel, Ujerumani, mwaka 1891. Mume wake wa kwanza, Paul Erich Küppers, aliongoza jumuiya ya sanaa ya Kestner mjini Hannover, na nyumba yao ilikuwa mahali ambapo wachoraji wapya walipata chakula, kitanda na wakati mwingine mnunuzi. "Sumpflegende" iliingia katika mkusanyo wao ikiwa ingali mbichi. Mume akafariki mwaka 1922. Baadaye Sophie akampenda El Lissitzky, msanii na msanifu kutoka Urusi, akaamua kumfuata Moscow. Kabla ya kuondoka, mwaka 1926, aliacha kazi zaidi ya kumi kwenye Makumbusho ya Jimbo ya Hannover, zikiwemo za Klee na za mchoraji Mrusi Kandinsky. Aliziacha kwa kuazimisha. Mkurugenzi wake, Alexander Dorner, alikuwa miongoni mwa wakurugenzi wachache wa Ulaya walioonyesha sanaa mpya bila kuona haya. Kwa mtu anayehama nchi, makumbusho ya serikali ni mahali salama kuliko dari ya shangazi. Nani angewaza vingine?

Mwaka 1937 Wanazi walipita katika makumbusho ya Ujerumani wakizoa kila walichokiita sanaa iliyoharibika. Kazi 102 za Klee zilichukuliwa kutoka mikusanyo ya umma peke yake. Tarehe 19 Julai ya mwaka huo wakafungua maonyesho Munich ili watu waje kuzicheka. Kiingilio kilikuwa bure, na zaidi ya watu milioni mbili walipita. Klee aliwekewa kazi 17. "Sumpflegende" ilitundikwa kwenye ukuta wa Dada, jina la kundi la wasanii wa Ulaya waliodhihaki sanaa ya kawaida (si dada wa kuzaliwa), pamoja na kazi za Kurt Schwitters, ingawa Klee hakuwa mtu wa Dada. Juu ya ukuta waliandika kwa herufi kubwa: mchukulieni Dada kwa uzito, inalipa. Sentensi hiyo ilikuwa ya George Grosz, msanii wa kundi hilo, mzaha wa watu wa Dada wenyewe tangu 1920. Na ili kuupamba ukuta, waandaaji walichukua vipande vya mchoro wa Kandinsky wakavikuza kwa rangi moja kwa moja ukutani. Yaani ili kuidhihaki sanaa ile walilazimika kuinakili, na mzaha wao wakauazima kwa wale wanaowadhihaki. Ipo picha ya kamera inayomwonyesha Hitler akiwa mbele ya ukuta huo na wenzake. Kwa mpelelezi wa umiliki, picha hiyo ni zawadi: inathibitisha kitu gani kilikuwa wapi na wakati gani.

Wizi ulitangulia, sheria ikaja nyuma. Tarehe 31 Mei 1938 serikali ya Hitler ilipitisha sheria ya kutaifisha kazi hizo bila fidia. Hata hivyo sheria yenyewe ilijiwekea mpaka: ilihusu mali za raia wa Ujerumani na za taasisi za ndani ya nchi. Sophie alikuwa ameishi Moscow miaka kumi na zaidi, mke wa raia wa Kisovieti. Hapo ndipo kisa hiki kinapoachana na vile vya kazi zilizokuwa mali ya makumbusho. Serikali ikinyang'anya makumbusho yake yenyewe, inajihamishia mali kutoka mfuko huu kwenda ule. Ikichukua kitu ambacho mtu alikiazimisha kwa makumbusho, imemwibia mtu huyo, hata kama askari walikuwa na karatasi yenye mhuri.

Kazi zilizochukuliwa zilikuwa zaidi ya 16,000. Serikali ilitaka fedha za kigeni, kwa hiyo bora zake zikanadiwa. Mnada mashuhuri ulifanywa na nyumba ya Fischer mjini Lucerne, Uswisi, tarehe 30 Juni 1939, katika hoteli ya Grand Hôtel National. Picha ya Van Gogh ya kujichora mwenyewe ilipata faranga 175,000. Zilizosalia zilipitia kwa wafanyabiashara wanne walioruhusiwa. Mmoja wao, Hildebrand Gurlitt, aliinunua "Sumpflegende" mwaka 1941 kwa faranga 500 za Uswisi. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, Lissitzky akafariki kwa kifua kikuu. Mwaka 1944 Sophie, mjane, akapelekwa uhamishoni Novosibirsk kwa kosa la kuwa Mjerumani. Serikali moja ilimnyang'anya picha, nyingine ikamnyang'anya mahali pa kwenda kuidai.

Sasa turudi kwenye chumba cha mnada cha 1962, maana ndicho kiini.

Katika nchi nyingi watu huamini kwamba mwizi hawezi kuuza alichoiba, na mnunuzi hata akiwa na moyo mweupe atakirudisha. Sheria ya madai ya Ujerumani inaanza vivyo hivyo. Kifungu cha 935 kinasema kitu kilichoibiwa au kupotea hakigeuki kuwa mali ya aliyekinunua, hata kama alinunua kwa nia njema. Halafu aya ya pili inafungua mlango: isipokuwa fedha, hati za malipo za mwenye kuzishika, na vitu vinavyouzwa kwa mnada wa hadhara. Mnada huo una masharti yake, hasa kuhusu dalali mwenyewe, na si kila mauzo yenye nyundo yanayofuzu. Lakini wazo limesimama wazi: sheria inaipa nyundo nguvu ambayo mkono wa muuzaji wa kawaida hauna. Sababu yake ni ya kibiashara. Mnada hutangazwa, katalogi huchapishwa, siku huwekwa. Mwenye mali aliyepo ana nafasi ya kusimama na kusema "hicho changu".

Mwenye mali aliyepo. Sophie alikuwa Siberia nyuma ya Pazia la Chuma, ule mpaka uliozitenga nchi za kambi ya Kisovieti na za Magharibi. Tangazo la Cologne lingemfikiaje? Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya soko la mji mmoja, ambapo anayeuza na aliyeibiwa wanaweza kukutana njiani, ikatumika katika bara lililokatwa vipande viwili. Kwa maoni yangu hapa ndipo udhaifu mkubwa wa kisa ulipo, kuliko hata ile sheria ya 1938. Sheria ya Wanazi ilikuwa batili machoni pa kila mwenye akili timamu. Kanuni ya mnada ilikuwa na nia nzuri kabisa, na ndiyo iliyokuwa hatari zaidi kwa Sophie.

Uswisi, ambako picha ilipita katika soko la sanaa baada ya hapo, walikuwa na utaratibu wao. Kifungu cha 934 cha sheria yao ya madai kilimpa aliyepoteza mali miaka mitano tu ya kuidai kutoka kwa mnunuzi wa nia njema. Kama kitu kilinunuliwa mnadani, sokoni, au kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo, mwenyewe alipaswa kwanza kumrudishia mnunuzi bei aliyolipa. Kwa mali za utamaduni muda uliongezwa hadi miaka 30 kuanzia Juni 2005, na sheria hiyo mpya haikurudi nyuma kuokoa yaliyokwisha kupita.

Mnunuzi wa 1962 angeweza kujua nini? Zaidi ya anavyotetewa. Klee alikuwa mtu wa utaratibu wa ajabu: alitunza daftari la kazi zake kwa mkono, kila moja na mwaka na namba, na hii ni 1919, 163. Mchoraji mwenye daftari kama hilo hupunguza visingizio. Picha ilionyeshwa Hannover kwa miaka, kisha Munich mbele ya umati. Miaka 25 haikuwa imewafuta mashahidi; wafanyabiashara wa sanaa ya kisasa walikuwa wachache na walijuana kwa majina ya utani. Swali moja lilitosha: iliondokaje Hannover? Jibu "ilichukuliwa 1937" lilikuwa jibu la kawaida sokoni wakati huo, na watu walilipokea kama wanavyopokea habari ya mvua, kwa kuwa kazi nyingi za aina hiyo zilikuwa mali ya makumbusho kweli. Ilihitajika swali la pili, kama Hannover walikuwa wenye mali au waazimaji, na hilo la pili ndilo watu hawapendi kuuliza wakishapenda kitu.

Niwe mkweli kwa upande wao pia. Orodha kamili ya kazi zilizotwaliwa, iliyopigwa chapa na maofisa wa Berlin yapata 1942, ina majuzuu mawili yaliyopangwa kwa alfabeti ya miji, ikiwa na safu za bei, jina la mnunuzi, na alama za kilichouzwa, kilichobadilishwa na kilichoangamizwa. Hannover imo katika juzuu la pili. Nakala pekee inayojulikana ya juzuu hilo ilikuwa mikononi mwa watu binafsi hadi ilipotolewa kwa makumbusho ya Victoria and Albert ya London mwaka 1996. Kwa hiyo ukurasa ambao leo mtu yeyote anausoma kwenye intaneti haukuwa mezani kwa mtu wa Cologne. Daftari la kuazimisha la Hannover lilikuwa jambo lingine. Hilo lilihitaji nauli ya treni tu.

Sophie akafa Novosibirsk mwaka 1978. Miaka minne baadaye, 1982, jiji la Munich pamoja na wakfu wa Gabriele Münter na Johannes Eichner wakainunua "Sumpflegende" kwa ajili ya Lenbachhaus, makumbusho ya jiji. Angalia mzunguko huo: mji ulioitundika ili ichekwe ndio uliolipa ili iheshimiwe. Naamini nia ilikuwa njema, na pia naona wanunuzi wa 1982 ndio wa kulaumiwa kuliko wa 1962. Hao walikuwa na wataalamu, maktaba na fedha za umma, tena walinunua kwa kuijua historia ya 1937. Sehemu ya thamani ya picha kwao ilikuwa historia hiyohiyo.

Mwana wa Sophie na Lissitzky, ambaye alikuwa ametoka Umoja wa Kisovieti, alifungua kesi. Mwaka 1993 mahakama ya Munich ikalitupa dai kwa hoja ya ukomo wa muda. Kwa kitabu cha sheria, hukumu inaeleweka. Kwa hesabu ya maisha, ni muda uliohesabiwa dhidi ya mtu aliyefungiwa asitoke.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa sheria. Desemba 1998 serikali 44 zilikubaliana mjini Washington juu ya kanuni za sanaa iliyoporwa na Wanazi. Kanuni hizo hazimbani mtu mahakamani. Zinataka wahusika watafute suluhisho la haki na la uadilifu. Ujerumani ikazitamkia utii mwaka 1999. Baada ya hapo mkusanyo wa Küppers ukaanza kusogea. Picha nyingine ya Klee ilirudi kwa familia mwaka 2001 kutoka Kyoto, Japani. Mwaka 2002 Ernst Beyeler, mfanyabiashara mkubwa wa sanaa wa Basel, alipatana na mrithi kuhusu "Improvisation 10" ya Kandinsky, ikabaki katika makumbusho yake ya Riehen. Munich ikavuta mambo hadi Julai 2017. Hapo jiji likakubali kuwalipa warithi kiasi kinacholingana na thamani ya picha sokoni, picha ibaki Lenbachhaus, na historia yake ielezwe kwa wageni. Jiji likawa limeinunua picha moja mara mbili, na mara ya pili kwa bei ya wakati ambapo Klee ameshakuwa Klee.

Wapo wanaosema makubaliano hayo yamefungua bomba, kwamba sasa kila picha iliyochekwa Munich mwaka 1937 itadaiwa. Hofu hiyo haina mguu. "Sumpflegende" ilidaiwa kwa sababu ilikuwa ya mtu, na karatasi ya kuazimisha ilikuwepo. Zile zilizokuwa mali ya makumbusho zenyewe ziko katika hesabu tofauti: sheria ya 1938 haikufutwa baada ya vita, na makumbusho ya Ujerumani kwa jumla hayadai yaliyouzwa chini yake. Ndiyo maana "Um den Fisch" ya Klee, picha ya mwaka 1926 yenye samaki juu ya sahani ya buluu na mshale unaoelekea kwenye kichwa cha mtu kilichoota juu ya bua, iliyotwaliwa kutoka Dresden na kununuliwa 1939 na Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York, imeendelea kukaa New York, na wakili atakayeichukulia kesi atapaswa kulipwa kabla ya kuanza.